UZI: Miaka 40 kocha msaidizi wa timu moja, na kiti cha ukuu hakitaki. Kwa nini?

#1 Mjomba_wa_Ubungo
Wakuu, salamu. Nina mpwa wangu aliyekwenda Marekani kusoma kwa ufadhili wa mpira wa kikapu, akamaliza shahada yake, na sasa ni mwaka wa 6 akiwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake katika chuo kimoja kidogo huko Ohio. Mwezi uliopita chuo kingine, kidogo zaidi ya hicho, kilimwita awe kocha mkuu, naye akakataa. Hapa nyumbani kikao cha ukoo kimekaa mara mbili, kwa sababu mama yake haelewi inakuwaje mtu akaribishwe kitini naye achague kuendelea kusimama. Nilipompigia simu alinijibu kwa ufupi tu: "Mjomba, kamsome Chris Dailey."

Nimemsoma. Huyu mama alichezea Chuo Kikuu cha Rutgers, akawa bingwa wa taifa mwaka 1982, akaanza kazi ya ukocha msaidizi Cornell na baadaye Rutgers, kisha mwaka 1985 akafuatana na kocha Geno Auriemma kwenda Chuo Kikuu cha Connecticut, timu ambayo hadi wakati huo ilikuwa imepata msimu 1 tu wa ushindi kuzidi vipigo. Hajaondoka tangu hapo. Mwaka 1988 walimpa cheo cha kocha mkuu mshirika, na timu imechukua mataji 11 ya NCAA, yaani chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, lakini kocha mkuu ni yule yule Auriemma.

Hoja yangu, na ninaomba mnipinge kwa adabu: mtu wa namna hii anakwepa lawama. Timu ikishinda anapiga picha na kombe, ikifungwa anayehojiwa ni mwingine. Je, nimekosea?

#2 Benchi_la_Nyuma
Mkuu, kabla hatujafika kwenye hoja, turekebishe hesabu. Mataji ni 12: 1995, 2000, 2002, 2003, 2004, 2009, 2010, 2013, 2014, 2015, 2016 na 2025, walipoifunga South Carolina 82 kwa 59 kule Tampa. Dailey alikuwepo benchi kwa yote 12.

Sasa hoja. Mtu anayekwepa lawama hakubali kuongoza timu kwenye mashindano makubwa wakati mkuu wake hayupo. Mwaka 2021, NCAA ilipowakusanya wanawake wote San Antonio kwa sababu ya korona, Auriemma alipimwa akakutwa na maambukizi, akabaki nyumbani. Dailey ndiye aliyeongoza mechi 2 za mwanzo, dhidi ya High Point na Syracuse, akashinda zote mbili kwa tofauti kubwa, kisha mwenzake aliporudi akarejea kwenye kiti chake cha pembeni bila neno. Huo nauita uhakika wa mtu anayejua kazi yake ni ipi.

#3 Kipanga_Mweusi
Mnazunguka mbuyu wakati jibu liko mfukoni, na jibu ni fedha. Msaidizi mwandamizi katika timu kubwa ya Marekani anaweza kulipwa vizuri kuliko kocha mkuu wa chuo kidogo, tena anapanda ndege ya kukodi wakati yule mkuu anapanda basi usiku kucha. Mpwa wako amepiga hesabu, akaona kiti cha ukuu kina misumari.

#4 Mjomba_wa_Ubungo
Ahsante #2 kwa marekebisho, nimeyapokea. Ndugu #3, mpwa wangu hayumo katika timu kubwa. Anaendesha gari la abiria 15 la chuo, na wakati mwingine anafua jezi mwenyewe. Hesabu yako haimhusu.

#5 Omondi_Nyanza
Naomba niseme kama mtu aliyewahi kusimama ndani ya ukumbi huo. Nilisoma Kansas miaka ya 2000, na kwa misimu miwili nilikuwa miongoni mwa wavulana wanaofanya mazoezi na timu ya wanawake. Wengi hapa huenda hawalijui jambo hili: timu nyingi za wanawake za vyuo huchukua wanafunzi wa kiume wa chuo hicho hicho, wasiolipwa chochote, ili wawe wapinzani wa mazoezini. Unapewa fulana na viatu, na jioni unakwenda zako maktaba na goti limevimba.

Hapo ndipo nilipoona msaidizi ni nani. Wasaidizi wetu waligawana wapinzani wa msimu mzima, kila mmoja akapewa orodha yake. Yule mwenye zamu ya mpinzani wa wiki alikuwa ameshatazama mikanda ya mechi zao kadhaa, akaikatakata, akaandika kila mchezo wanaoupanga na kila ishara ya mkono inayouita. Siku ya Jumatatu alitukusanya sisi wavulana kabla wasichana hawajaingia, akatugawia nafasi: "Wewe leo ni namba 23. Hupendi kwenda kushoto, na ukibanwa unarudi nyuma hatua moja kabla ya kurusha." Mimi nilikuwa namba 23 wa timu nne tofauti katika mwezi mmoja. Kanuni za NCAA zinawapa wachezaji saa 20 tu kwa wiki za mazoezi rasmi wakati wa msimu, kwa hiyo msaidizi asiyejiandaa anapoteza saa ambazo hazirudi.

Siku ya mechi kocha mkuu alipoinuka na kupiga kelele "badilisheni ulinzi," watu jukwaani walisema mama huyu ana akili. Sisi wavulana tulitazamana, kwa sababu neno hilo tulikuwa tumelisikia likinong'onwa kutoka kiti cha pili sekunde chache kabla. Huyo wa kiti cha pili hakugeuka hata kutazama jukwaa. Ninaamini wapo watu wanaoipenda kazi yenyewe ya kuchambua na kufundisha, na ukuu ungewapokonya, maana kocha mkuu hutumia muda mwingi na wafadhili, waandishi na viongozi wa chuo.

#6 Shangazi_Mwanaidi
Ahsante Omondi, maelezo yako yamenifundisha. Hata hivyo mmesema yote isipokuwa lile lililo wazi: mkuu ni mwanamume na msaidizi ni mwanamke, katika timu ya wanawake. Kabla ya Title IX, sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake kwa zaidi ya asilimia 90. Sheria ilipolazimisha vyuo kutoa fedha, kazi ikawa na mshahara, na mshahara ulipokuja wanaume nao wakaja. Leo sehemu ya wanawake ni chini ya nusu. Ndiyo maana Muffet McGraw, kocha mkuu wa wanawake wa chuo cha Notre Dame, alisema waziwazi mwaka 2019 kwamba hataajiri tena mwanamume katika benchi lake. Alipostaafu mwaka 2020 nafasi ikaenda kwa Niele Ivey, aliyekuwa mchezaji wake katika ubingwa wa 2001 na msaidizi wake kwa miaka 12.

Mnapomsifu mwanamke kwa "kuridhika" miaka 40, jiulizeni kama mwanamume angesifiwa hivyo.

#7 Benchi_la_Nyuma
Dada Mwanaidi, takwimu zako sizipingi, ila umeruka hatua moja ya Ivey. Hakutoka kiti cha msaidizi moja kwa moja kuwa mkuu. Mwaka 2019 aliondoka akawa kocha msaidizi wa wanaume wa Memphis Grizzlies kwenye NBA, akakaa msimu mmoja, ndipo Notre Dame ikamwita.

Pia ukitaka kumpima Dailey, wapime na waliokaa naye benchi moja. Jamelle Elliott, bingwa wa 1995, alikuwa msaidizi Connecticut miaka 12, akaenda kuwa kocha mkuu wa Cincinnati mwaka 2009. Mwaka 2018 akaondolewa. Akarudi Connecticut, kwanza ofisini, kisha mwaka 2020 kwenye benchi. Tonya Cardoza alikaa miaka 14 kama msaidizi, akaongoza Temple tangu 2008 hadi 2022, kisha naye akarudi kwa Auriemma kuwa msaidizi. Shea Ralph aliondoka mwaka 2021 kwenda Vanderbilt, na bado yuko huko. Watatu waliondoka na wawili wakarudi. Sisemi Dailey aliliona hilo mapema, kwa sababu aliamua kubaki muda mrefu kabla yao.

#8 Kipanga_Mweusi
Kwa hiyo Connecticut ni kama nyumba ya bibi: watoto wakishindwa mjini wanarudi kula ugali.

#9 Benchi_la_Nyuma
Miaka 14 Temple si kushindwa, Kipanga. Wewe umekaa miaka mingapi katika kazi moja?

#10 Kipanga_Mweusi
Minne, na nimeacha mara mbili. Tuendelee.

#11 Mkongo_wa_Iowa
Habari zenu, wapendwa. Mimi ni Mkongomani, nimeishi Iowa City zaidi ya miaka 10, na binti zangu wawili hawajui Lubumbashi lakini wanajua majina ya benchi zima la Hawkeyes, timu ya Chuo Kikuu cha Iowa. Mwezi wa Oktoba 2023 tuliwapeleka kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Kinnick, walipocheza kikapu nje, hewani, dhidi ya DePaul, na watu 55,646 wakajaa. Sijawahi kuona upepo ukitikisa nyavu za kikapu hivyo.

Kila mtu alikuja kumwona nyota wao, Caitlin Clark. Binti yangu mkubwa, ambaye ni mrefu na mzito wa hatua, alikuwa akimtazama Jan Jensen, msaidizi aliyefundisha wachezaji wa kati. Jensen alimchezea kocha Lisa Bluder katika Chuo cha Drake, akawa msaidizi wake hapo hapo, na mwaka 2000 wakahamia Iowa pamoja. Wachezaji wa kati Megan Gustafson na Monika Czinano walipita mikononi mwake. Bluder alipostaafu Mei 2024, chuo hakikutafuta mtu nje, kikampa Jensen siku hiyo hiyo. Kwa hiyo naongeza jibu jingine: kukaa msaidizi kunaweza kuwa kusubiri urithi. Jensen alisubiri miaka 24 Iowa peke yake.

Tena kuna historia ya ardhi hii. Zamani wasichana wa sekondari wa Iowa walicheza watu 6 kwa 6, watatu wa kushambulia upande mmoja na watatu wa kulinda upande wa pili, hakuna kuvuka mstari wa kati. Mchezo huo ulikwisha mwaka 1993. Jensen aliucheza shuleni akimaliza mwaka wa mwisho kwa wastani wa pointi 66 kwa mechi. Mtu aliyefunga hivyo angeweza kutaka sifa maisha yake yote, lakini akachagua kufundisha wengine namna ya kuzungusha mguu chini ya kikapu.

#12 Njia_Panda
Pointi 66 kwa mechi? Mkuu, hiyo ni timu nzima ya mtaa wetu kwa msimu mzima.

#13 Bakari_Mwembeyanga
Na sisi tusisahau kwamba Connecticut ina damu ya Kitanzania. Hasheem Thabeet wetu alisoma hapo akachukuliwa wa kwanza NBA mwaka 2009.

#14 Omondi_Nyanza
Wa pili, Bakari. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Na huyo ni timu ya wanaume, kocha wake alikuwa Jim Calhoun. Uzi huu ni wa wanawake.

#15 Bakari_Mwembeyanga
Nimekubali wa pili. Lakini walitumia ukumbi mmoja wa Gampel, kwa hiyo haki ya kujivuna ninayo nusu.

#16 Mwalimu_Salome
Turudi kwenye urithi aliousema ndugu yetu wa Iowa, kwa sababu mimi nauogopa. Tazameni Tennessee. Holly Warlick alikuwa mchezaji wa kocha mkuu Pat Summitt, akawa msaidizi wake kuanzia mwaka 1985, akakaa naye kwenye mataji yote 8. Agosti 2011 Summitt alitangaza kwamba ana maradhi ya kupoteza kumbukumbu yaliyomjia mapema, na msimu ule Warlick akabeba kazi nyingi za mkuu bila cheo cha mkuu. Mwaka 2012 akapewa kiti. Alishinda mechi 172, akafungwa 67, akaifikisha timu robo fainali ya taifa mara tatu, na mwaka 2019 akaondolewa, kwa sababu kila mtu alimpima kwa kivuli cha aliyemtangulia, mwenye ushindi 1,098.

Kate Paye wa Stanford naye alipokea mwaka 2024 kutoka kwa Tara VanDerveer mwenye ushindi 1,216. Msimu wake wa kwanza Stanford ilikosa mashindano ya NCAA, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Jensen alifika raundi ya 2 katika msimu wake wa kwanza, na watu wakasema ni vyema. Anayerithi hupewa pia deni.

Mimi ni makamu mkuu wa shule ya sekondari, mwaka wa 11 sasa. Mara mbili wakubwa wamenishawishi niwe mkuu wa shule. Mara ya kwanza nilikubali, nikakaa mwaka mmoja katika shule ambayo sitaitaja, nikawa mtu wa kusaini hundi na kupokea wageni, na darasa la fizikia nikalikosa kabisa. Niliomba kurudi umakamu. Wenzangu walidhani nimeshushwa cheo, wakaniletea pole.

#17 Shangazi_Mwanaidi
Mwalimu, pole kwa pole hizo. Ila angalia: ulijaribu kwanza, ndipo ukachagua. Mickie DeMoss wa Tennessee vilevile. Alikuwa kocha mkuu Florida, akawa msaidizi wa Summitt kuanzia 1985 hadi 2003, akaenda kuongoza Kentucky, na mwaka 2007 akaondoka kwa hiari yake na kurudi kazi ya usaidizi. Yeye ameonja vyote viwili. Dailey hakuonja. Hatuwezi kusema mtu hapendi embe ambalo hakulitia mdomoni.

#18 Benchi_la_Nyuma
Mfano mzuri, na unanipa nafasi ya kuongeza kitu. Mwaka 2018 Jumba la Heshima la kikapu cha wanawake, lililoko Knoxville, liliwaingiza Dailey na DeMoss mwaka mmoja, pamoja na wachezaji kama Chamique Holdsclaw na Tina Thompson. Wasaidizi wawili waliokuwa maadui wa usajili kwa miaka mingi, kila mmoja akiingia nyumbani kwa mama wa mchezaji yule yule kumshawishi.

Na hapa ndipo kazi kubwa ya Dailey ilipo, nasi tumeipita haraka. Usajili ndio roho ya chuo, kwa kuwa hakuna kununua mchezaji kama klabu, na kila baada ya miaka 4 timu yote imeondoka. Msaidizi ndiye anayemfuatilia binti tangu yuko sekondari, anayekaa kwenye viwanja vya mashindano ya vijana ya Julai akitazama mechi tangu asubuhi hadi usiku, anayejua jina la bibi yake. Binti akishafika, Dailey ndiye anayesimamia adabu: shati limechomekwa, simu haipo mezani wakati wa kula, shukrani zinatolewa. Auriemma anawafokea uwanjani, naye anawalea nje ya uwanja, ingawa nasikia naye hufoka vizuri tu.

#19 Njia_Panda
Kwa hiyo ni baba na mama wa nyumba moja, na majirani wanamsalimia baba tu.

#20 Shangazi_Mwanaidi
Umesema wewe, Njia Panda, na umethibitisha hoja yangu ya #6 bila kukusudia.

#21 Omondi_Nyanza
Si wanamsalimia baba tu, Shangazi. Novemba 2024, Auriemma alipofikisha ushindi wa 1,217 na kumpita VanDerveer, sherehe ile ilitangazwa kuwa ya wote wawili, miaka 40 ya Auriemma na Dailey, na wachezaji wa vizazi vyote walikuja. Ingawa, kwa haki, namba 1,217 imeandikwa kwa jina la mmoja.

Nami nitaongeza sababu nyingine ambayo haijasemwa, ya upande mchungu. Mara nyingi mkataba wa msaidizi unasimama au kuanguka na mkuu wake. Mkuu akiondolewa Machi, wasaidizi wote wanafungasha pamoja naye, hata kama kazi yao ilikuwa safi. Kwa hiyo msaidizi aliyempata mkuu asiyeondolewa ana kitu adimu sana katika kazi hii, yaani uwezo wa kununua nyumba. Miaka 40 katika mji mmoja kwa kocha wa Marekani ni kama muujiza. Wengi wanahama kila baada ya miaka 3, watoto wanabadilisha shule, ndoa zinachoka.

#22 Kipanga_Mweusi
Ahaa, tumerudi kwenye fedha kwa mlango wa nyuma. Nilisema tangu #3.

#23 Omondi_Nyanza
Nimesema nyumba, Kipanga, sikusema ndege ya kukodi.

#24 Mkongo_wa_Iowa
Swali kwa Mjomba: mkuu wa sasa wa mpwa wako ni mtu wa namna gani? Maana sisi tunatafuta jibu kwa msaidizi, na huenda jibu liko kwa anayemsaidia. Jensen alimfuata Bluder mmoja tangu akiwa mchezaji. Dailey alimfuata Auriemma mmoja. Mkuu anayekuachia ufundishe kwa sauti yako humwachi kirahisi.

#25 Mjomba_wa_Ubungo
Ahsanteni nyote, nimesoma kila neno, na nimeondoa shutuma yangu ya kukwepa lawama, angalau kwa nusu. Jana usiku nilimpigia tena, nikamsomea majibu yenu mmoja baada ya mwingine. Alicheka kwa #8. Kuhusu mkuu wake alisema ni mama mkali na mwenye haki, na kwamba wiki nzima anaweza kumpinga katika mpango wa ulinzi bila kuogopa. Lakini sababu aliyonipa hakuna hata mmoja wenu aliyeitaja.

Mwaka jana alimsajili binti mmoja mchezaji wa kati, mtoto pekee wa mama anayefanya kazi za usiku hospitalini. Mama yule aliuliza jambo moja tu, wala halikuhusu kikapu: "Wewe utakuwepo hadi amalize?" Mpwa wangu akajibu ndiyo. Binti yuko mwaka wa 1. Anasema akimaliza naye, ndipo waje na kiti chao.

#26 Mwalimu_Salome
Hapo umenigusa. Mwambie nimemwelewa.

#27 Benchi_la_Nyuma
Ni ahadi nzuri, mkuu, ila mwambie pia ukweli wa zama hizi. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima kama zamani, na tangu Julai mwaka huo huo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, kwa mfano kwenye matangazo. Mchezaji wa kati mrefu katika chuo kidogo akicheza vizuri, timu kubwa zitamwita msimu ukiisha, na mama anayefanya kazi za usiku atakuwa na sababu ya kusikiliza. Dailey alisajili mabinti waliokaa miaka 4. Mpwa wako ameahidi kumsubiri binti ambaye mwenyewe huenda asibaki.

#28 Mjomba_wa_Ubungo
Nilimwuliza hilo hilo. Akasema ahadi ilikuwa ya kwake, binti hakuahidi kitu. Kikao cha ukoo ni Jumapili, na bado sijui nitamwambia nini dada yangu.